Mara Tatu juu ya Bamba

Kanuni ni hii: donge lidondoshwe mara tatu
kutoka kimo cha bega langu, juu ya bamba la chuma.
Likipasuka mara ya kwanza, mchanganyiko una kiu.
Likipasuka ya pili, molasi imepunjwa.
Likistahimili ya tatu, naliandika namba kwa chaki
na kulilaza rafuni na wenzake, siku tatu wakauke.

Sestao, Januari. Mvua ya hapa hainyeshi, inanyunyiza,
inaingia shingoni, inaingia guniani,
na unyevu ndio adui yetu:
donge bichi likitumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka
halizami, linalipuka.
Zubeldia ana alama ya somo hilo kidevuni
wala hapendi kuulizwa.

Nina mapipa manne.
La kwanza magamba: chuma chekundu kikipita kwenye rola
kinabambuka, kama ukoko unavyoachana na sufuria.
La pili tope la vichujio, jeusi, linaloteleza kama uongo.
La tatu vumbi la chokaa.
La nne makaa yaliyosagwa hadi yakasahau mti.
Zamani vyote hivi vilikuwa na jina moja, mavi ya chuma,
na makazi mamoja: kilima nyuma ya reli
kisichoota hata mbigili.

Baba aliendesha lori la kilima hicho.
Miaka ishirini na sita akimwaga
kilichowaponyoka waliofua.
Jioni alijikung'uta mlangoni, kiatu kwa kiatu,
na ufagio wa mama ulikuwa mwekundu mpaka mpini.

Husemwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Mimi sikusana, sikuvukuta.
Nilipewa kazi ya tatu, isiyomo kwenye methali:
kuokota kinachoanguka.

Jumapili nilimpelekea donge moja, limefungwa gazetini.
Akalipima kiganjani, kubwa kiasi cha tonge
la mtu mwenye njaa.
"Hiki ndicho nilichokuwa namwaga?"
Ndicho.
"Na tanuri linakila?"
Linakila, baba, na linaomba kingine.
Akacheka. Kicheko kikashika njia ya kikohozi
na hakikurudi upesi.
Nilikaza mpira wa oksijeni, nikatazama dirishani
mpaka akamaliza.

Saa nane usiku umeme ni nafuu, ndipo tunapopika.
Kapu linafunguka: milango ya magari, fremu za vitanda,
ngoma za mashine za kufulia, na katikati yake
madonge yangu, mia sita, yenye chaki.
Nguzo tatu za grafiti zinashuka polepole
halafu radi, radi isiyojua kunyamaza,
sakafu inatetemeka hadi kwenye meno.
Humo ndani kuna madai yanasikilizwa.
Kutu ni chuma kilichokopa hewa;
makaa yanaidai ile hewa, yanaitwaa, yanapaa nayo,
na chuma kinabaki uchi, kiowevu,
kana kwamba hakijawahi kunyeshewa.

Si chote. Zinki haikai, inapanda na moshi,
inanasa kwenye vichujio, kesho nitaikuta
katika pipa la pili ikinisubiri.
Arantzazu wa ofisini husema mkutanoni,
kidole kwenye mchoro wake wa duara:
"Hapa hakuna kinachopotea."
Sibishani naye. Duara lake limechorwa vizuri.
Ila kuna gramu kadhaa, sijui ngapi,
zimelala kifuani mwa mzee mmoja, ghorofa ya tatu,
hazina pipa, hazina namba,
na hakuna molasi itakayozishika.

Leo donge la mia mbili na kumi na mbili
limevumilia mara ya kwanza. Likavumilia ya pili.
Ya tatu likagawanyika vipande viwili, safi, bila kelele,
ndani bado lina giza la unyevu.
Nimeinama, nimeviokota, nimefagia na unga wake.
Nimerudisha mashineni.
Nje bado inanyunyiza.